Mguu wa Godoro

Filamu za kutisha za Kiswahili zimepindukia miaka ishirini sasa, na bado ni nadra kumwona mhakiki wetu wa fasihi akizigusa ila kwa ncha ya kidole. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Shumileta mwaka 2005, mabanda ya video ya pwani yalijaa hata watoto wakawa wanapakatwa na watu wasiowajua. Sisi wa mashairi tulizitaja kanda za namna hiyo, kama tulizitaja, kwa kicheko. Tuliicheka damu iliyofanana na sharubati, tukayacheka meno yaliyonunuliwa dukani, kisha tukarudi kwenye vina na mizani yetu. Nsyuka, niseme kwa kupita, ni neno la Kinyakyusa, lakini halimpi tabu mtu wa Kilwa: ukilitamka polepole unamsikia mzuka ndani yake.

Nitakayoizungumzia hapa si mojawapo ya hizo mbili, bali ni dogo lao. Ilifika Kilwa Kivinje mwaka 2006, kopi ya kopi, bila kasha, na mwenye banda akaiandika kwa kalamu ya wino neno moja tu, “Mguu”. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili mjini hapo wakati huo. Nimezitazama filamu nyingi tangu siku zile, za gharama kubwa na za gharama ndogo, na hakuna iliyozua mjadala ninaoukumbuka kwa maneno yake, mtu na neno lake, kama kanda ile mbovu iliyokuwa ikikwaruza kila baada ya dakika kumi.

Hofu zetu za zamani msomaji wa pwani anazijua. Ni yule mwanamke mzuri wa njia ya usiku, anayenukia asumini, ambaye ukimtazama chini unaona kwato. Ni kivuli kinachokaa mbuyuni. Hofu hizo humjia mtu kutoka nje, naye akiwahi kukimbia, au kusoma alichofundishwa kusoma, huenda akaokoka. Lakini ipo hofu nyingine isiyobisha hodi, maadamu imo ndani ya nyumba tayari: hofu ya mwili wa mtu mwenyewe, unaoota, unaooza, unaovimba au kugeuka chini ya ngozi yake huku akiutazama. Ng'ambo wameifanyia filamu nyingi na wameipa jina. Sisi hatujaipa, na sijui kama tunalihitaji jina, kwani wazee wetu waliishughulikia katika ushairi kabla ya umeme kujulikana. Nitalirudia hilo.

Kwanza banda. Lilikuwa nyuma ya soko, la makuti juu na magunia ubavuni, na jenereta lake lilifungiwa katika kibanda cha pili ili lisizidi sauti za waigizaji. Kiingilio kilikuwa shilingi 100. Daraja la Mto Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, na kitu ambacho zamani kilisubiri kivuko cha Ndundu, pengine siku kadhaa msimu wa mvua, sasa kilitoka Kariakoo na kufika Nangurukuru siku hiyohiyo, kikiwemo kikapu cha kanda. Tuliziona za Kihindi, za Kinaijeria, na zile za Kimarekani zenye sauti ya Lufufu akitufasiria kwa Kiswahili, akiongeza chumvi yake palipopoa. Watazamaji wa Kivinje kwa hiyo hawakuwa washamba wa filamu. Walijua kamera ni nini. Ukidhani waliogopa kwa sababu hawakujua kwamba ni uongo, hujawahi kukaa nao.

Kisa cha “Mguu” ni chepesi. Mwanamume mmoja ana mazoea na mke wa jirani yake, msafiri. Jirani anakwenda kwa mganga, anatega tego. Mwanamume analala mzima, anaamka mguu wake wa kushoto umevimba kama kinu. Anauficha kwa kanzu, kisha kwa shuka, kisha hatoki tena. Mpaka hapo ni kanda kama kanda nyingine. Baada ya hapo yakaja yasiyotarajiwa, na ndiyo yaliyonifanya niikumbuke. Usiku wa tatu, juu kidogo ya goti, ngozi inapasuka kimya, na ndani yake linafumbuka jicho. Halina damu wala muziki, lipo tu, linapepesa na kutazama chumba. Mwenye mguu analitazama, nalo linamtazama, kwa muda mrefu kuliko mpiga picha yeyote wa Dar es Salaam wa miaka ile angethubutu. Kisha kanda inarudi njia ya wengi: mganga, kilio, toba, mguu unapasuka na kutoa vyura, mtu anakufa, na maandishi yanamshukuru Mungu na mfadhili.

Mguu wenyewe ulitengenezwa kwa godoro la sponji, likazungushiwa bendeji na kupakwa uji wa unga wa ngano uliotiwa rangi. Katika tukio moja bendeji ilifunguka na sponji la njano likaonekana wazi, nao hawakupiga picha upya. Banda zima lilicheka. Mpaka leo ukisema Kivinje kwamba jambo fulani ni “mguu wa godoro”, wapo watu wa rika langu watakaojua unamaanisha kazi isiyomaliziwa.

Maoni yalianza kabla jenereta halijazimwa. Vijana walisema imeharibika mwishoni, kwamba vyura waliwaona wazi wakimwagwa kutoka kwenye ndoo. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza vitumbua mlangoni walikasirishwa na jambo jingine kabisa: kwa nini mke wa jirani hakuvimba? Mmoja akasema tego la kweli huwakamata wote wawili, mwenzake akabisha kwamba tego hufuata lilivyonuiwa. Wakaendelea hivyo mpaka wateja wakakosa wa kuwahudumia. Hawa hawakuwa wakijadili filamu. Walikuwa wakijadili sheria, na filamu ilikuwa shahidi aliyetoa ushahidi wenye kasoro.

Mmakonde mmoja wa Newala, aliyekuwa akiuza vinyago kwa wageni wa magofu ya Kisiwani, alisema neno ambalo sikulielewa siku ile. Alisema sehemu nyingine zote ni upuuzi, lakini jicho ni sahihi. Shetani, alisema, hukaa na kiungo pasipo pake. Kiungo kikikaa pake ni binadamu, na binadamu hatishi mtu. Miaka kadhaa baadaye nilisoma jinsi mtindo wa mashetani unavyohusishwa na Samaki Likankoa, mchongaji aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na nilipovitazama vinyago vya mtindo huo, sikio moja kubwa upande, mdomo tumboni, mkono unaotokea kisogoni, ndipo nikajua yule bwana alikuwa akizungumza kwa mamlaka ya ufundi. Nyanda zetu za kusini zilikuwa na sanaa ya kuugeuza mwili muda mrefu kabla ya kamera, na ikiuzwa kwa fedha za kigeni. Hakuna aliyeicheka kwa kuwa ni ya mti.

Sasa nifike palipo pazito.

Msomaji wa Unguja, Pemba, Mafia na mwambao wetu hahitaji kuelezwa ni ugonjwa gani uliokuwa ukionyeshwa mle bila kutajwa. Mguu unaovimba kama kinu, kwetu, una jina, na jina lake si tego. Ni matende. Huletwa na minyoo myembamba kama uzi ambayo mbu huipitisha kutoka mtu hadi mtu, nayo hukaa katika mishipa inayopitisha maji ya mwili na kuiharibu taratibu, kwa miaka, hata maji yakakosa njia. Kwa mwanamume huenda yakashukia pengine, ndiyo mabusha, ambayo wazee wangu walituambia huletwa na kunywa madafu mengi. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara ugonjwa huu ulikuwa mwingi mno. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, na miaka michache baadaye wagawa dawa wakafika kwetu na kijiti chao cha kupimia kimo, kwa kuwa moja ya dawa zile mbili hutolewa kwa kadiri ya urefu wa mtu. Mara moja kwa mwaka, watu wote, wazima na wagonjwa.

Mhudumu wa afya mmoja, mama mtulivu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alikuja bandani siku ya pili akataka kanda ile isionyeshwe tena. Alikuwa ametoka kugawa dawa mtaa kwa mtaa, akasukumana na uvumi kwamba vidonge hupunguza nguvu za kiume, na sasa kila nyumba ilikuwa ikimwambia habari za tego. “Mimi nawaambia mbu,” alisema, “ninyi mnawaonyesha mke wa mtu. Nani atakayemeza kidonge kwa ajili ya mke wa mtu?” Mwenye banda alimjibu kwa adabu kwamba watu wamelipa. Ikaonyeshwa siku nne mfululizo.

Alikuwepo pia mwalimu wa madrasa, ambaye wengi walitaraji angeilaani kwa sababu ya uchi au uganga. Hakufanya hivyo. Aliuliza swali moja tu barazani baada ya Isha, na mpaka leo naliona ndilo uhakiki bora kuliko wote niliousikia: “Na Nabii Ayubu, alayhi salaam, yeye alinaswa na tego la nani?” Watu wakanyamaza. Utenzi wa Ayubu ulikuwa ukijulikana mwambao mzima. Wapo mabibi walioushika kwa moyo. Humo mna mwili unaoharibika mbele ya macho ya mkewe, siku baada ya siku, na mwenye mwili huo hana kosa alilotenda. Msikilizaji wa utenzi hawekwi upande wa jirani anayechungulia. Anawekwa ndani ya chumba, pamoja na mgonjwa na anayemuuguza.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya “Mguu”, na ya kanda nyingi za jamii yake, wala haihusiani na godoro. Kanda ile inausoma mwili uliogeuka kama hati ya hukumu. Ukimwona amevimba, amezini. Ukiona macho mekundu, ni mchawi. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yaliwekunduka kwa moshi wa mafiga ya maisha yote, na ambayo tangu mwaka 2007 dunia nzima ilisikia habari za watu wenye ualbino kukatwa viungo, namna hiyo ya kusoma si mchezo wa shilingi 100. Nawaheshimu watengenezaji wake kwa jicho lile. Siwaheshimu kwa hukumu yao.

Atasema mtu: hawakuwa na fedha, uwaachie. Fedha si hoja. Mjapani Shinya Tsukamoto alitengeneza Tetsuo, iliyotoka mwaka 1989, kwa fedha kidogo mno, bila rangi, urefu wake saa moja na dakika chache. Yeye mwenyewe aliandika, akaongoza, akahariri na kuigiza humo. Mfanyakazi wa ofisi ananyoa ndevu asubuhi, anaona kipande cha chuma kimemchomoza shavuni, na kutoka hapo chuma kinamla mpaka mwisho. Hatuambiwi kwanza tumchukie. Tunaumia naye. Cronenberg wa Kanada, katika The Fly ya mwaka 1986, anafanya hivyo kwa upole zaidi: mwanasayansi anayegeuka nzi anaokota viungo vyake vinavyodondoka, sikio, meno, anavihifadhi katika kabati la dawa bafuni, kama mtu anayetunza barua. Nilipoliona kabati lile nilisimamisha filamu nikatoka nje. Kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu ina kabati la namna hiyo, hata kama ni sanduku la mbao chini ya kitanda.

Wala haikutubidi tujifunze jambo hili Toronto au Tokyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alipoitunga Al-Inkishafi, aliiweka miili ya matajiri kaburini ikiliwa na wadudu, na mtu wa Kilwa akiisoma huona mara moja ngome ya Husuni Kubwa na kuta zake zilizopasuliwa na mizizi. Lakini angalia anamwambia nani maneno yale. Hamwambii jirani yake mzinzi. Anauambia moyo wake mwenyewe, kwamba nawe ni hivyohivyo, na utafika huko. Na mzaliwa wa Lindi, Ebrahim Hussein, katika Mashetani ya mwaka 1971, aliwachukua marafiki wawili, mmoja akaigiza shetani na mwingine binadamu, hata mchezo ukamwingia mmoja wao, Kitaru, akaugua kwelikweli. Mtazamaji anatoka akiwa na wasiwasi juu ya nafsi yake. Ushairi na tamthilia zetu zilikwisha kuijua njia ya kuingia ndani ya ngozi ya mtu. Kamera ilipofika ikabaki mlangoni, pamoja na wenye kuchungulia.

Nimelichelewesha neno la mtazamaji mmoja kwa sababu ni wa kwetu. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na matende tangu mimi ni mtoto. Bandani alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango, apate kuunyoosha. “Mguu” aliitazama jioni ya kwanza, na mimi nilikuwa benchi la tatu, na sehemu kubwa ya ile saa moja na nusu sikuitazama runinga. Watu walipocheka sponji, alicheka. Watu walipopiga kelele mguu ulipopasuka, mtoto mmoja aligeuka akamtazama mjomba mguuni, kisha usoni, kisha akahamia upande wa pili wa banda. Mjomba alimwona. Hakusema kitu.

Nilimsindikiza nyumbani. Nilitaka kusema lolote, nikasema filamu ni mbaya. Akaniuliza mbaya vipi. Nikamwambia habari za tego, kwamba wamesema uongo. Akasema hilo si jipya, yeye amehesabiwa wake za watu saba, na wengine wao hajapata hata kuwasalimu. Kilichomkera ni kingine. “Wamefanya haraka,” alisema. “Mtu analala mzima, anaamka na kinu. Huu wangu, mwanangu, umechukua miaka kumi na minane. Kila mwaka unasema labda umesimama.” Baadaye akaongeza kwamba hawakuonyesha mtoki, wala homa ya usiku inapokuja na mguu ukawa moto kama sufuria, wala kuosha. “Yule bwana haoshi mguu hata siku moja. Ana mguu kama ule na haoshi!” Mhudumu wa afya alikuwa amemfundisha kuosha kwa sabuni asubuhi na jioni, kukausha katikati ya vidole, na kulala mguu ukiwa juu ya kitu, naye aliyashika mafundisho hayo kama darasa la dini.

Nikamuuliza kuhusu jicho. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. Akasema jicho ni kweli. Usiku, watu wote wakiwa wamelala, hujihisi yuko na mwenzake macho.

Jioni ya nne, ya mwisho, alikwenda tena. Watu walipokwisha kutoka alimwomba mwenye banda arudishe kanda mpaka kwenye jicho, na mwenye banda, ambaye mafuta ya jenereta yalikuwa yakimwishia, akarudisha mara mbili. Mjomba aliinama mbele, viwiko magotini, akatazama. Kisha akaomba asogezewe mpaka pale bendeji inapofunguka. Akalikazia macho lile sponji la njano, unene wake na jinsi lilivyokaa bila kubonyea, akaniuliza godoro la namna ile linauzwa wapi, maana kapoki aliyokuwa akiwekea mguu usiku ilikuwa imelala kabisa. Nilimnunulia kipande Nangurukuru, Jumamosi iliyofuata, shilingi elfu tatu.